Miji Miwili ya Bi Salha

Siku niliyoanza kazi, kilichonitisha hakikuwa bosi, kilikuwa chumba. Nilitoka kwetu mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, asubuhi, nimevaa buibui jipya, bibi yangu kanisomea dua, nikafika kituo cha redio nikidhani nitapewa meza na kiti. Nikapelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimevikwa magunia, mlango mnene kama wa ghala la karafuu. Nikaambiwa ningoje humo. Nikakohoa, na kikohozi kikanifia mdomoni. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tumezoea sauti igonge ukuta irudi. Ukimwita mtu uchochoroni, jina lake linakata kona kabla yako. Chumba kile kilikuwa kinameza. Nikausikia moyo wangu mwenyewe ukidunda, nikadhani naumwa.

Akaingia Mkuu wa Maigizo, mtu mrefu, mwembamba, koti limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Siogopi, bwana."

"Basi utajifunza. Humu kila kitu kinasikika. Ukimeza mate, kisiwa kizima kimekusikia. Kafanye kazi yako kama mtu anayejua kuwa anasikilizwa."

Nimekaa na maneno hayo mpaka nimestaafu, na nawaeleza nyinyi vijana mnaorekodi kwa simu mkiwa mmekaa kitandani, ili mjue ilikuwaje.

Kazi yangu ilikuwa kupiga milio. Mchezo wa redio hauna macho, kwa hiyo kila ambacho msikilizaji angekiona inabidi akisikie. Mvua nilikuwa naipiga kwa mchele juu ya ungo. Moto ulikuwa makuti makavu ninayoyavunja polepole karibu na kipaza sauti. Bahari ilikuwa kunde ndani ya chano, unainamisha huku, unainamisha kule, bila pupa. Hatua za watu zilikuwa na masanduku yake, la mchanga, la kokoto na la mbao, na mimi ndiye niliyetembea ndani yake: miguu mitupu nikiwa mtoto, kandambili nikiwa bibi, makubadhi nikiwa mwanamme mwenye hasira.

Yote yakiingia kwenye utepe, ule mkanda mwembamba wa kahawia uliokuwa ukizunguka kutoka gurudumu hili kwenda lile. Mtu akikosea hatukuanza upya. Tulikata utepe kwa wembe tukauunga. Kukata kulitaka mshazari. Ukikata wima, msikilizaji anasikia mdundo mdogo, anajua hapo pamefichwa kitu. Niliushika wembe kwa hofu kila mara, kwa sababu neno lililokatwa vibaya halirudi.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kimya. "Neno baya tutaliombea radhi," Mkuu wa Maigizo alikuwa akisema. "Kimya hakiombewi radhi. Watu wakisikia kimya hewani wanadhani kuna msiba, na simu zinaanza kulia." Basi tuliishi hivyo, tukikiogopa kimya kuliko tulivyomwogopa yeye.

Siku moja akaja Bi Salha. Alikuwa mwalimu wa ushoni katika skuli ya wasichana, umri wa mama yangu, miwani mizito, na vidole vyenye alama za sindano. Michezo tuliyokuwa tukirekodi wakati ule ilikuwa na mwanamke wa namna mbili: mke mwema anayevumilia mpaka mumewe anatubu, na mke mbaya anayependa starehe mpaka anakufa. Iliandikwa na wanaume, na kusema kweli tulikuwa tumeizoea kama tulivyozoea chai ya ofisini. Bi Salha alitoa kwenye mkoba wake wa ukili mchezo wa sehemu nyingi, akaomba usomwe.

Mchezo ulikuwa na mji. Mji wenyewe haupo katika ramani. Mabaharia wanafika huko kwa kupotea. Unaitwa Mji wa Hodi, kwa sababu hakuna mtu anayeingia popote bila kupiga hodi na kukaribishwa, hata mume kwenye chumba cha mkewe. Wanawake wanakwenda watakako na hakuna anayewauliza "Unatoka wapi?" Kesi zinasikilizwa uani, kadhi ni bibi kizee anayechambua mchele huku anahukumu. Wasichana wanafundishwa nyota na nahodha ni mwanamke mwenye mimba. Na mwanamme akimpiga mkewe hafungwi wala hachapwi. Hukumu yake ni kwamba hodi yake haiitikiwi. Anakwenda dukani, anapiga hodi, kimya. Anakwenda kwa mama yake mzazi, kimya. Mpaka alie na aombe msamaha mbele ya watu.

Mkuu wa Maigizo alisoma, akavua miwani, akacheka. "Hii ni ngano," akasema. "Ngano haimdhuru mtu. Rekodini."

Sauti ya Nuru, binti wa nahodha, aliifanya Saada. Saada alikuwa karani wa taipu katika kituo chetu, msichana wa rika langu, nyumba yao haikuwa mbali na yetu. Hakusomea kuigiza. Alikuwa akichapa ile miswada, na siku moja mwigizaji hakutokea, akaambiwa asome yeye, na chumba kile kinachomeza sauti kikashindwa kuimeza yake. Kila asubuhi kaka yake Masoud, msimamizi wa mahamali bandarini, alimleta mpaka getini, na alasiri alimfuata. Baba yao alikuwa ameshafariki, na mama yao, Bi Fatma, vilevile. Tulimsifu Masoud kwa jinsi anavyomchunga nduguye. Mwenyewe alikuwa akitabasamu, anasema, "Sina mwengine." Alijua kuwa dada yake anaigiza, na sifa za majirani zilimpendeza.

Mji wa Hodi ulipokwenda hewani, mji wetu ukachangamka. Sokoni Darajani wanawake walikuwa wakipishana na kuulizana, "Hodi?" na mwenzake anajibu, "Karibu, mji wako huu," wakacheka mpaka wanashikana. Mume wangu, mpole kama alivyo, alipiga hodi chumbani siku moja kwa mzaha, kisha akaona haya. Mimi nilifurahi na nikaogopa papo hapo. Katika kisiwa kidogo, kinachochekesha watu wengi lazima kimkere mmoja.

Na kweli. Mkurugenzi alimwita Mkuu wa Maigizo, na Mkuu akaturudishia habari tukiwa wote chumbani, Bi Salha kakaa kwenye kiti changu.

"Mji huu uanguke," akasema.

"Uanguke vipi?" Bi Salha akauliza.

"Watu wanalalamika. Wanasema unawapa wake zao fikra. Mkurugenzi anataka wanawake wa huko wagombane, mji uvunjike, wasikilizaji wapate funzo. La sivyo mchezo unasimama wiki hii."

Bi Salha alikuwa akisugua kidole chake kimoja kwa dole gumba, kama anatafuta uzi. "Sawa," akasema. "Utaanguka. Lakini watu wa mji ulioanguka lazima wahamie mahali, Mkuu. Nitawaandikia pa kuhamia."

Akarudi na mji wa pili.

Katika mji huo, wanawake wanaitwa. Ndiyo sheria yake yote. Kila nyumba ina mwitaji, na kila anayeitwa lazima aitike "Naam" popote alipo, na lazima naam yake isikike mpaka kwa mwitaji lakini isivuke kizingiti kwenda nje. Akiitika kwa sauti ndogo, ana kiburi. Akiitika kwa sauti kubwa, hana haya. Siku ya harusi, bibi harusi anamkabidhi mume jina lake, na toka hapo mwengine yeyote hana ruhusa ya kulitaja. Milango ina makomeo, na makomeo yote yako nje. Hakuna anayepigwa katika mji huo. Hakuna damu wala kelele. Wanaume wake wanazungumza taratibu, na kila mmoja anasema anafanya hivyo kwa mapenzi.

Mkurugenzi alipousoma alifurahi. "Sasa umekuwa mchezo wa mafunzo," akasema. "Waone wanawake wakijitawala wanaishia wapi." Nilimwona Mkuu wa Maigizo akiugeuza ukurasa wa mwisho, anausoma tena, kisha anaangalia mlango.

Sasa komeo likawa kazi yangu. Kila sehemu ilikuwa inaishia hivi: mwanamme anaita "Nuru!" Nuru anaitika "Naam." Hatua zinakwenda, mlango unafungwa, komeo linaingia. Nilitafuta komeo la chuma kwa fundi, nikalipigilia kwenye ubao, nikalisukuma mbele ya kipaza sauti. Kla! Safi kabisa. Mhandisi akaniinulia kidole kutoka nyuma ya kioo.

"Sivo," Saada akasema.

Alikuwa kasimama mbele ya kipaza sauti chake, karatasi mkononi. Hakuwa na kawaida ya kuingilia kazi ya mtu.

"Sivo vipi?"

"Komeo la nje haliingii kwa mara moja. Linakwaruza kwanza. Halafu linasimama. Anasikiliza kama unalia. Akiona hulii, ndo analimalizia, taratibu, kama hataki usikie."

Mhandisi hakuwa amezima mitambo na utepe ulikuwa ukizunguka. Nilimtazama Saada, naye akanitazama, na uso wake haukuwa wa mtu anayeigiza. Nilitaka kumuuliza, *umelijuaje?* Akaniwahi.

"Piga kama nlivyokwambia," akasema. "Tafadhali, Mwanakheri."

Nikapiga. Kwaru. Kimya. Kla, ndogo. Bi Salha, aliyekuwa kakaa pembeni, akajifunika uso kwa ukingo wa kanga.

Jioni mchezo ulipokwenda hewani nilikuwa nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele, redio juu ya kabati. Mwanamme akaita. Nuru akaitika. Likaja lile kwaru, na ile nafasi, na ile kla. Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya sinia.

"Nyumba gani hiyo?" akauliza.

"Redio hiyo, mama."

"Naijua redio. Nakuuliza nyumba gani."

Akainuka, akaizima, na hakula siku ile. Sijapata kumuuliza alikumbuka nini, na yeye hakunambia mpaka anaingia kaburini.

Kesho yake getini alikuwapo Masoud. Nilimwona kutoka mbali, kasimama penye kivuli, shati limepigwa pasi, kofia nyeupe. Saada hakuwa naye. Nilitaka kugeuka, lakini alishaniona.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri."

"Nauliza. Nani hapa anayepiga ile milio ya mchezo?"

"Wako wengi," nikasema.

"Basi mwambie huyo aliyepiga komeo la jana," akasema kwa upole kabisa, "mwambie amelipatia. Mpaka pale pa kusubiri kapapatia." Akatabasamu, akaondoka kuelekea bandarini.

Saada hakuja kazini siku ile, wala ya pili yake. Kaka yake alituma salamu kuwa anaumwa.

Nilimwendea Mkuu wa Maigizo nikamweleza. Alinisikiliza akiwa kasimama. "Mambo ya ndani ya nyumba za watu si kazi ya redio," akasema. Lakini aliinama akafungua mtoto wa meza, akafunga, akafungua tena, bila kutoa kitu. "Mwambie mwalimu wako wa ushoni," akasema mwisho. "Yeye kaandika. Labda anajua na pa kufuta."

Bi Salha hakungoja nimalize. Alivaa buibui lake, tukatoka pamoja hadi kwa sheha wa mtaa. Sheha alikuwa mzee mwenye heshima zake, mwoga wa fitina. Akatwambia Masoud ni kijana wa msikitini, akatwambia mtu ana haki ya kumlinda dada yake, akatwambia tusilete tamthilia katika maisha ya watu. Bi Salha akasema, "Mzee wangu, sikuombi umhukumu. Nakuomba usimame mlangoni usikilize tu." Nadhani ni ule upole wa ombi ndio uliomshinda. Akachukua bakora yake akatufuata.

Mnaijua mitaa yetu. Nyumba inatazamana na nyumba, ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumpa jirani chumvi. Masoud alikuwapo nyumbani. Alitoka akasimama kizingitini, akamwamkia sheha shikamoo kwa adabu.

"Marahaba. Nduguyo hajambo?"

"Anaumwa, mzee. Homa. Kalala."

"Tunaweza kumjulia hali?"

"Kalala, mzee."

Sheha akageuka kututazama, nami nikajua tumeshindwa. Hapo ndipo dirisha la nyumba ya mbele likafunguka. Alikuwa jirani yao, Bi Mwanahamisi, mtu mzima asiyetoka sana. Nilimwona akikamata nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Masoud," akasema. "Mimi komeo lako nnalisikia tangu alipokufa baba yako. Nikidhani unafunga stoo. Juzi nimelisikia redioni, ndo nimejua nnachokisikia."

Dirisha jengine likafunguka, na jengine. Masoud alitazama juu, akatazama chini. Uso ulimbadilika, lakini si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Hapo niliogopa kuliko wakati wowote, maana sikujua mtu wa namna ile anaweza kufanya nini. Sheha akasogea mlangoni, akapaza sauti kuelekea ngazini.

"Saada, mwanangu! Unanisikia?"

Hatukusikia kitu. Akaita tena. Nilikuwa nimeshika mkono wa Bi Salha na kucha zangu zilimwingia, alama zake alinionesha baadaye. Kisha kutoka juu, ndani kabisa, ikaja sauti niliyoijua.

"Nataka kutoka."

Masoud alipanda mwenyewe kufungua. Tulilisikia komeo likirudi. Saada akashuka na nguo alizovaa na kandambili zisizo za rangi moja, akapita katikati yetu bila kumtazama yeyote. Nyuma yake Masoud alikuwa akisema, si kwa sauti kubwa, "Nlikuwa nnamlinda. Mzee, nlikuwa nnamlinda. Mwambieni." Nadhani aliamini hivyo, na ndilo lililonitisha zaidi.

Hakupelekwa polisi. Wazee wa familia walikaa, wakasema yaliyosemwa, na Saada akachukuliwa na mama yake mdogo kwenda Kidichi, kwenye mashamba ya viungo. Kazi ya taipu aliiacha na kuigiza aliacha vilevile. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza alikuwa akimenya mdalasini na mama yake mdogo, nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua.

"Ulijua kuwa atalitambua?"

"Nlijua."

"Na hukuogopa?"

"Nliogopa mpaka nkatapika," akasema. "Lakini nlikuwa sina pahala pengine pa kusemea. Kama ningelisema kwa maneno, ungenambia kaka yako mtu mzuri."

Ningemwambia hivyo hasa.

Masoud aliendelea kuja getini. Kila asubuhi, kwa muda mrefu, alisimama palepale alipokuwa akimleta dada yake, hasemi, hafanyi. Nilianza kuingia kwa mlango wa nyuma. Nikisikia makubadhi nyuma yangu uchochoroni naingia duka lolote lililo wazi. Mume wangu alinishauri niache kazi, nami nilikaribia kuacha. Kilichonizuia ni kwamba kukaa nyumbani peke yangu kulinitia hofu zaidi.

Ilibaki sehemu ya mwisho ya mchezo, na Nuru hatukuwa naye. Mkurugenzi alitaka sauti nyengine iwekwe. Bi Salha akakataa, na Mkuu wa Maigizo akasema ataumaliza yeye mwenyewe. Tulirekodi sote kasoro Nuru. Mwanamme anaita, "Nuru!" na pale penye naam, Mkuu akanipa ishara nisiguse chochote. Utepe ukazunguka mtupu. Mwanamme akaita tena. Mtupu. Mara ya tatu vilevile. Nilimtazama yule mtu aliyetufundisha kukiogopa kimya kuliko mauti, naye kafumba macho, jasho linamtiririka kwenye koti. Aliacha kimya kile kiende na kiende. Kisha akasema, "Basi. Hapo ndo mwisho."

Kilipokwenda hewani simu zililia kama alivyotabiri kila siku. Wengine walidhani mitambo imeharibika. Mwanamke mmoja alipiga akauliza tu, "Katoka?" akakata.

Mkurugenzi hakuuliza hilo. Mkuu wa Maigizo alihamishiwa ghala la vifaa, akamalizia utumishi wake huko akitoa betri na balbu, na hakuwahi kulalamika mbele yangu. Tepe za miji yote miwili zilifutwa. Wakati ule utepe ulikuwa ghali, na kurekodi juu ya kazi ya zamani lilikuwa jambo la kawaida. Nadhani juu ya Mji wa Hodi palirekodiwa mashairi ya kilimo. Mimi nilipelekwa Matangazo ya Vifo. Wageni hawafahamu uzito wa kazi ile. Kisiwa kizima kinasimama kusikiliza nani kafariki, anazikwa wapi, jeneza linatoka wapi. Hakuna milio ndani yake. Kazi ni kuhakikisha jina la marehemu ni sahihi na saa ni sahihi, na kila siku nilikaa na woga wa kumuua mtu aliye hai kwa kukosea herufi. Nilidumu huko mpaka kompyuta zikaja, nikarudishwa kuwafundisha vijana kukata sauti kwa kipanya cha kompyuta badala ya wembe, na hatimaye nikapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani.

Sasa vijana wa chuo kikuu wananijia nyumbani. Wanasoma hadithi za mwanzo za wanawake walioandika kudai nafasi yao, za huku na za nchi za mbali, na wananieleza kuwa karibu zote zina moja ya mambo mawili: nchi njema isiyopatikana, ambayo wao wanaiita njozi, au nchi mbaya kupita kiasi, wanayoiita jinamizi. Wananiuliza Bi Salha alijifunza wapi kuweka zote mbili katika mchezo mmoja. Nawaambia alikuwa mwalimu wa ushoni, na hakusoma vitabu hivyo. Mmoja wao, msichana wa Chwaka mwenye maswali makali, akaniuliza ni mji gani uliohitaji ubunifu mkubwa.

"Mji mwema," nikamwambia. "Ule aliubuni wote, tangu msingi. Mji mbaya hakubuni kitu. Alichukua maneno ya watu wema akayapanga."

Akaandika. Sijui kama alifahamu kuwa bado naogopa ninapoyasema. Nawasikia wanaume wapole redioni, wa leo hii, wakieleza kwa nini mtoto wa kike asiende huku na kule, na kila wanapomaliza sentensi nasubiri lile kwaru.

Bi Salha ametutangulia. Hakuandika tena mchezo, lakini wanafunzi wake wanasema alikuwa akiwasimulia mji ule darasani, wakishona, na kila mwaka aliuongezea kitu. Msibani kwake nilionana na Saada, naye akaniambia nije kwake Kidichi, ana mgeni.

Mgeni alikuwa Masoud. Amezeeka, amekonda, akili imemwacha. Hakuoa. Mahamali wenzake walimkuta bandarini haijui njia ya nyumbani, wakatafuta jamaa, na jamaa aliyebaki alikuwa mmoja tu. Saada ni mjane sasa, ana wajukuu, ana shamba la marehemu mama yake mdogo. Alimpokea.

"Majirani wananambia nimfungie," akasema, tukiwa tumekaa barazani. "Maana anatoka, anapotea. Juzi kakutwa karibu na magofu ya hamamu, lile bafu la kale, kaanguka."

"Na wewe?"

"Mimi nnamfuata."

Hakumaliza, kwani mzee alikuwa ameshatoka kwa mlango wa uani. Saada akavaa viatu bila haraka, akaniashiria. Tukamfuata kwa mbali kidogo, katikati ya mikarafuu na minazi, yeye mbele na fimbo yake, sisi nyuma. Kila alipokanyaga mzizi, Saada alivuta pumzi. Nikamuuliza kama bado anamwogopa.

"Kila siku," akasema. "Akinyanyua mkono kuchukua kikombe, mimi naruka. Yeye hajui hata mimi ni nani."

Kwenye njia panda Masoud alisimama, akageuka, akatuona. Alitukazia macho muda mrefu. Nilishika kanga ya Saada bila kukusudia, mtu mzima mimi.

"Wewe," akamwambia Saada. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Bi Fatma wa Malindi," Saada akasema. Sauti ilimtetemeka, lakini ilifika.

Mzee akafikiri. "Namjua," akasema. "Mtu mwema." Akashika njia ya kushoto, inayoteremka, na sisi tukamfuata.